Miaka Kumi ya Mhandisi Ihesabiwe Tangu Lini?

MKANDARASI: Nyaraka za zabuni zilisema, kwa maneno yasiyozidi mstari mmoja, kwamba meneja wa mradi awe mhandisi aliyesajiliwa, mwenye shahada ya uhandisi ujenzi na uzoefu wa miaka 10, nami nikampeleka mtu aliyehitimu chuo kikuu miaka 12 iliyopita, akapita mafunzo yake ya vitendo ya miaka mitatu kama wapitavyo wahitimu wengine, akasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na tangu alipoivaa kofia ngumu hajaivua. Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko za wote tuliofika hatua ile. Kisha ikanijia notisi ya kusudio la kumpa tuzo mzabuni mwingine, na ndani yake sababu ya kunitoa mimi: meneja wangu wa mradi ana uzoefu wa miaka minane. Kumbe kamati ya tathmini imehesabu tangu siku ya usajili, wala si tangu siku ya kuhitimu. Nauliza, bila ya ghadhabu, maneno "tangu kusajiliwa" waliyasoma ukurasa wa ngapi?

AFISA UNUNUZI: Mimi si wa taasisi iliyokutoa, Mzee wangu, lakini nimekaa katika kamati kama ile, najua kinachopita ndani yake. Wajumbe wana zabuni nyingi na siku chache za kuzimaliza, na kila mmoja anajua kwamba wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali watakuja kulisoma jalada lile hali yeye amekwisha kusahau alichokiona. Neno "uzoefu" ni pana. Kijana aliyehitimu jana akawekwa ghalani kuhesabu mifuko ya saruji, huo nao ni uzoefu wa kusimamia mradi? Kamati ilipolitazama neno lile ikaliona halina kipimo, ikatafuta kipimo. Na usajili una tarehe iliyoandikwa katika cheti, tarehe isiyobishaniwa. Sikusema walitenda haki. Nasema walikimbilia penye sitara.

MWANASHERIA: Sitara hiyo sheria haiijui. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, kama ile ya mwaka 2011 iliyoitangulia, imeshikilia asili moja ambayo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma haichoki kuirudia, ya kwamba zabuni ipimwe kwa vigezo vilivyotajwa wazi katika nyaraka zake, na kigezo kilichozaliwa ndani ya chumba cha tathmini, kiwe chema namna gani, hakina nasaba. Kwa hoja hiyo Mkandarasi anayo haki ya kulalamika kwa Afisa Masuuli, na asiporidhika akate rufani. Walakini nami nina swali kwake. Kanuni zimempa mzabuni ruhusa ya kuomba ufafanuzi kabla zabuni haijafungwa. Ulipoliona neno lile halina mwanzo wala mwisho, uliuliza?

MKANDARASI: Sikuuliza.

MWANASHERIA: Kwa nini?

MKANDARASI: Kwa sababu jibu la swali langu hupelekwa kwa wazabuni wote, na swali lenyewe husema ninachokikosa. Nikiuliza, "Je, miaka ihesabiwe tangu kuhitimu?", kila mwenye akili atajua kwamba mtu wangu hakutimiza miaka 10 ya usajili, na wa kwanza kujua ni yule aliyeiandika zabuni. Fauka ya hayo, Wakili, wewe unazungumza kana kwamba masharti haya yote huandikwa kwa nia safi. Yapo yaliyoandikwa kama kanzu iliyoshonwa kwa kimo cha mtu mmoja: mhandisi awe na miaka 15, awe na shahada ya uzamili, awe amesimamia majengo mawili ya hospitali ya ghorofa tatu, na hayo mawili yawe katika miaka mitano iliyopita, na kazi yenyewe, ukiisoma mwisho wa kabrasha, ni zahanati ya kijiji na choo cha matundu manne. Nchi hii ina watu wangapi wenye kimo hicho, na wangapi kati yao watakubali kwenda kulala Chamwino kwa ajili ya matundu manne?

AFISA UNUNUZI: Umesema kweli iliyochanganyika na dhana mbaya. Ipo hila, sikatai. Mtu anayetaka kumpa sahibu yake kazi hana haja ya kugusa bei, atagusa sifa za wataalamu, kwa sababu bei huonekana na kila mtu ila sifa huhitaji mjuzi azifasiri. Lakini aghalabu ya masharti unayoyalalamikia hayakuandikwa na mwizi. Yameandikwa na mvivu. Idara inayotaka kujenga huleta maombi yake wiki ya mwisho, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi hufungua zabuni ya mwaka jana, hubadili jina la kijiji na tarehe, na masharti ya hospitali ya rufaa huhamia katika zahanati pasipo mtu kuyatazama usoni. Nimewahi kuliona sharti la mtaalamu wa lifti katika jengo lisilo na ghorofa.

(Mwandishi anaomba msomaji asimcheke Afisa peke yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, azma iliyokuwa imelala katika majalada tangu TANU ilipoipitisha mwaka 1973, wizara na taasisi zimejenga hapa kwa wingi na kwa haraka ambazo uwanda huu haukupata kuziona, na ofisi nyingi za ununuzi zilijifunza kazi zikiwa tayari zinaifanya.)

MHANDISI: Mmezungumza kwa kitambo juu ya miaka ya mhandisi, na mhandisi mwenyewe hamkumuuliza. Niruhusuni nami niseme lililonipata. Nilikuwa nimeajiriwa katika kazi ya barabara nilipopigiwa simu na afisa wa halmashauri moja nisiyemjua, akaniuliza kwa upole kwa nini sijafika saiti yake tangu mkataba uliposainiwa. Nikamwambia amekosea namba. Akanisomea jina langu lote, jina la baba yangu, na namba yangu ya usajili. Nikamwomba anitumie alichonacho. Picha ilikuwa yangu, ile niliyopiga nilipokuwa naomba usajili. Shahada ilikuwa yangu. Sahihi nayo ilikuwa yangu, ila imeinama kidogo upande wa kulia, na pembeni yake umebaki ufito wa kijivu wa karatasi nyingine ilikokatwa. Tarehe iliyoandikwa chini ya sahihi ile, mimi nilikuwa likizo ya uzazi. Na katika orodha ya kazi nilizozisimamia palikuwa na ghorofa nne ambazo sijapata kuziona na daraja nisilolijua mto wake. Wasifu ule ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lau ningeomba kazi kwa wasifu ule ningeipata.

MKANDARASI: Huo ni wizi, binti yangu, na mimi siutetei.

MHANDISI: Nitakushukuru ukiniita Mhandisi, Mzee, maana ndilo jina wanaloliiba. Nawe huutetei wizi, lakini hebu nikuulize: huyo meneja wako wa miaka 12, uliyetolewa kwa ajili yake, siku ulipowasilisha zabuni alikuwa anakula mshahara wa nani?

MKANDARASI: Wa mwingine. Naam, wa mwingine. Wala sina haya ya kulikiri, kwa sababu tulikuwa na makubaliano yaliyosainiwa kwa mkono wake hai: tukipata kazi, atakuja. Nani kati yenu amewahi kuendesha kampuni ya daraja la tano katika mkoa huu? Nikipata kazi moja kwa mwaka, nashukuru. Nikiimaliza, cheti cha malipo hukaa mezani kwa mtu miezi sita, pengine zaidi, na benki haikai kunisubiri. Mhandisi wa miaka 10 sina mshahara wa kumlipa akae ofisini kwangu Area C akinywa chai hadi zabuni nyingine itangazwe. Kwa hiyo mfumo wenyewe, kwa kunitaka niwe na mtu mkubwa kabla ya kuwa na kazi, umenilazimisha kumtaja mtu nisiye naye. Mwenye hazina ya fedha humwajiri; mwenye mkono mfupi humwazima.

MWANASHERIA: Tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo haya yanataka kuyafunga kitanzi kimoja. Ahadi si hadaa. Mhandisi aliyekubali kwa sahihi yake kwamba atatumika endapo kazi itapatikana, huyo anaweza kutajwa, na sijaona kanuni inayomtaka awe ameajiriwa tangu siku ya zabuni, isipokuwa nyaraka zenyewe ziseme hivyo. Lakini wasifu uliobandikwa sahihi ni taarifa ya uongo, na taarifa ya uongo ni sababu tosha ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma kumfungia mzabuni asishiriki zabuni za Serikali, mbali na jinai iliyomo ndani yake.

MHANDISI: Baina ya hayo mawili, Wakili, kuna jambo la tatu, nalo ndilo kubwa. Wapo wahandisi wenzangu wanaokubali, tena kwa furaha. Mtu yuko ofisi ya Serikali au kampuni kubwa. Huombwa cheti na wasifu, hupewa kitu kidogo, na jina lake likaingia katika zabuni tano kwa mwezi. Sahihi ni yake, ridhaa ni yake, shahada ni ya haki. Uongo uko mahali pamoja tu, pale aliposema atakuwepo.

AFISA UNUNUZI: Nimeyaona hayo kwa macho. Zabuni moja, wazabuni wawili, mhandisi mmoja. Mjumbe wa kwanza akasema tuwatoe wote wawili. Wa pili akasema nyaraka hazikukataza. Wa tatu akapendekeza tumpigie simu mhandisi atuambie ni wa nani. Tukabishana hadi jioni.

MKANDARASI: Mlimpigia?

AFISA UNUNUZI: Hatukumpigia. Kumuuliza mtu wa mzabuni nje ya utaratibu wa maandishi ni kulitia jalada doa.

MKANDARASI: Basi tazameni. Mmejenga utaratibu ambao ndani yake kuuliza kama mtu yupo ni kosa, na kuamini karatasi ni uadilifu. Ndiyo maana mimi hulia mnapoyapima maisha ya mtu kwa karatasi. Fomeni wangu, mzee wa Kigogo kutoka Bahi, ana miaka 25 katika zege. Ukimpeleka mahali pa kuchimba msingi hushika bonge la udongo mkononi, akalitia mate, akalifinya kwa kidole gumba, akakwambia hii ni mbuga, chimbeni zaidi, ukiwahi kumwaga hapa mvua ya Desemba itaupasua ukuta wako, na hajakosea. Katika jedwali la sifa zenu hana hata alama moja. Serikali hiyo hiyo, mwishoni mwa mwaka 2021, ilipotaka madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, aghalabu haikututafuta sisi wala wahandisi wetu. Iliyajenga kwa fosi akaunti, kwa mafundi wa vijijini, na leo watoto wamekaa ndani yake wanasoma. Kama fundi anafaa pale, kwa nini hapa ni haramu?

MHANDISI: Kwa sababu darasa lina chumba kimoja na ramani moja iliyokwisha chorwa Wizarani, likajengwa maelfu kwa maelfu. Mzee wako wa Bahi namheshimu. Nimefanya kazi na watu wa namna yake, na mara mbili au tatu wameniokoa. Lakini muulize nondo ngapi ziende katika boriti ya mita nane inayobeba tangi la maji, na zipishane wapi. Machi 29, 2013, mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka asubuhi ya Ijumaa Kuu, wakafa watu zaidi ya 30. Kariakoo ikafuata Novemba 2024. Vifusi vile havikuuliza kama fundi alikuwa mzoefu.

MKANDARASI: Wala havikuuliza kama mhandisi alikuwa na miaka minane au 10. Na kwa kuwa umetaja misiba, nami nitakutajia mmoja wa jirani yetu. Mwaka 1947 Waingereza walishuka Kongwa, hapo mashariki ya mji huu, kulima karanga. Walikuja na wataalamu, matrekta na ramani. Wakakuta udongo ambao kiangazi ukikamata hugeuka jiwe, na mvua isiyotii kalenda. Pauni milioni 36 na ushei zikazama kabla Serikali yao haijanyanyua mikono mwaka 1951. Hawakukosa vyeti.

MHANDISI: Kongwa kila mtu huitolea ushahidi anaoupenda. John Wakefield, aliyeongoza ujumbe wa uchunguzi wa mwaka 1946, alikuwa amepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika hii. Kwa hiyo alikuwa na vyeti, na nchi aliijua. Walichokosa ni kulima shamba dogo la majaribio kwanza wakaona linajibu nini. Ukiutumia msiba ule kuniambia vyeti ni bure, nami nitautumia kukwambia uzoefu nao ni bure, na tutabaki wawili tusiojua lolote.

MWANASHERIA: Nami niwakumbushe kwamba mashaka juu ya karatasi hayakuzuka bure. Aprili 28, 2017, hapa hapa Dodoma, katika Chuo Kikuu, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao walikuwa ndani ya nyumba ya Serikali yenyewe. Ikiwa mwajiri aliyeishi na watu wake miaka mingi hakuwajua, kamati ya tathmini itamjuaje mtu ambaye haijamwona?

AFISA UNUNUZI: Kwa mifumo kusomana. Zabuni sasa hupita katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, na daftari la Bodi ya Wahandisi lipo. Mhandisi akitajwa, ujumbe umfikie yeye mwenyewe akubali au akatae. Akikwisha kufungwa na mkataba mmoja, mfumo umkatae katika wa pili. Mambo haya yanawezekana, wala hayahitaji sheria mpya.

MHANDISI: Nakubali, na bado haitoshi. Mtanihakikisha mlangoni, kisha? Masharti ya mkataba yanasema mtaalamu aliyetajwa asibadilishwe ila kwa idhini, na atakayeshika nafasi yake awe wa sifa zilizo sawa au bora. Nani anayekwenda kutazama? Nimepita saiti Nala, Nzuguni, Ihumwa, nikakuta ubao wa mradi umeandikwa mwajiri, mkandarasi na mshauri, na ndani ya mabati yuko kijana wa diploma, peke yake, anamwaga jamvi saa tatu za usiku kwa taa ya pikipiki kwa sababu lori la kokoto limechelewa. Mhandisi wa miaka 15, ambaye kwa ajili yake wazabuni wanne walitolewa, yuko Mwanza. Ndugu Afisa, mmetumia wiki tatu kubishana kama mtu ana miaka minane au 10, na hamkutumia siku moja kuuliza kama amefika.

AFISA UNUNUZI: Kusimamia mkataba si kazi ya kitengo changu peke yake. Yupo msimamizi wa mkataba kutoka idara.

MHANDISI: Ambaye gari lake halina mafuta.

AFISA UNUNUZI: Mara nyingine halina.

MKANDARASI: Basi kwa nini kunitoa mimi? Kama saiti haitazamwi, sharti lile halikumlinda mwananchi. Lilinipunguza tu katika hesabu. Wala hasara haiishii hapo. Serikali imetutengea sisi wazawa kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50, nasi tumepiga makofi. Lakini ukifungua nyaraka unakuta meneja wa mradi atakiwe awe amekwisha kusimamia kazi mbili za thamani hiyo hiyo. Azipate wapi, hali zilizotangulia zilishikwa na wageni, naye humo alikuwa msaidizi?

MHANDISI: Hapo niko upande wako, kwa kuwa ni mimi huyo unayemsema. Nilikaa miaka mitatu katika ujenzi wa reli ya kisasa, nikipima tuta na kusaini karatasi za zege kila asubuhi. Bosi wangu alisimamia zaidi ya watu 200 na aliponiacha wiki mbili kazi haikusimama. Katika fomu ya zabuni cheo changu ni "mhandisi msaidizi", na fomu haina mahali pa kueleza msaidizi alisaidia nini.

MWANASHERIA: Fomu yaweza kurekebishwa. Nyaraka zaweza kutaka maelezo ya kazi badala ya vyeo.

AFISA UNUNUZI: Na hapo, Wakili, utakuwa wa kwanza kuniletea rufani, ukisema kamati imetumia maoni yake, haikutumia kipimo. Tarehe ya cheti haina rafiki wala adui. Maelezo ya kazi lazima yasomwe na mtu, na mtu anaweza kununuliwa. Mnataka niwe na hekima, kisha mnishitaki kwa kuitumia.

MWANASHERIA: Nitakushitaki usipoandika sababu. Ukiziandika, nitazisoma.

AFISA UNUNUZI: Wewe utazisoma. Mkaguzi atahesabu miaka.

MKANDARASI: Mimi rufani yangu nitaipeleka, siku bado ninazo. Lakini ipo zabuni nyingine itakayofungwa mwisho wa mwezi, ya vyumba vya maabara Mpwapwa, na inataka mhandisi mwenye usajili na miaka saba. Mhandisi, unayo saba?

MHANDISI: Ninayo tisa, tangu usajili, ili Ndugu Afisa asisumbuke. Lakini jina langu silitoi kwa makubaliano ya "tukipata". Nipe mkataba wa ajira kabla ya kuwasilisha, mshahara uanze siku ile, na ndani yake iandikwe kwamba zege haimwagwi bila mimi kuwepo.

MKANDARASI: Na tukikosa?

MHANDISI: Utakuwa umenilipa miezi mitatu ya kukutengenezea zabuni inayofuata, na hiyo ni kazi ya mhandisi vile vile.

MKANDARASI: Miezi mitatu! Kwa bei hiyo nitashindwa kabla bahasha hazijafunguliwa. Atashinda yule aliyebandika sahihi yako.

MHANDISI: Basi Ndugu Afisa atueleze atamtambuaje.

AFISA UNUNUZI: Kwa kanuni za leo, akiwa na karatasi zote, simtambui.